Kukagua Umeme na Cheche za Gari la Zamani Baada ya Safari ya Majaribio

Gari la zamani lililotoka gereji huwaka vizuri likiwa uani. Dereva huzungusha ufunguo, injini hunguruma, wajumbe wa bodi hulizunguka mara mbili tatu, na fundi hulipwa fedha zake. Baada ya majuma mawili gari hilo hilo hukwama kati ya Rulenge na Nyakahura likiwa limesheheni magunia ya kahawa, nalo halina kosa jingine ila cheche hakuna. Hapo huanza maneno baina ya katibu na fundi, na baina ya dereva na mtunza stoo. Mkutano mkuu unapowadia wanachama huuliza fedha zao zilikwenda wapi. Swali hilo ni la haki, lakini aghalabu hakuna awezaye kulijibu, kwa kuwa hakuna aliyelikagua gari baada ya kulitaabisha.

Sehemu za umeme na cheche haziwezi kuhukumiwa gari likiwa limesimama. Huhukumiwa baada ya safari ndefu yenye mzigo, vumbi na miinuko, tena kabla ya mtu yeyote kuzigusa kwa msasa au kitambaa. Makala haya yanahusu magari ya petroli ya mtindo wa kale, yaani yenye platini na kondensa, kama vile Land Rover na Peugeot za miaka ya 1960 na 1970. Chama chenye gari la dizeli kitafaidika na sehemu zinazoeleza betri, chaji na nyaya peke yake, kwa sababu injini ya dizeli huwasha mafuta yake kwa joto la hewa iliyobanwa, wala haina haja ya cheche.

MASHINDANO YA SAFARI

Afrika Mashariki inayo historia ya kujaribu magari kwa taabu. Mashindano yaliyokuja kujulikana duniani kwa jina la Safari yalianza mwaka 1953, tarehe 27 Mei hadi 1 Juni, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, nayo yalipita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Siku zile za mwanzo magari yalikuwa ya kawaida, ya namna ile ile aliyoweza kuinunua mtu yeyote dukani, na yaligawanywa katika mafungu kwa kufuata bei zake. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7 tu. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 vile vile. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki katika Peugeot 404, gari lililokuwa la kawaida sana katika barabara za Tanzania za miaka hiyo. Mwaka 1965 ushindi uliwaendea Joginder Singh wa Kenya na ndugu yake Jaswant, katika Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kutumiwa mashindanoni kabla yao. Ushindi wa gari lililotumika juu ya magari mapya ya viwanda haukuja kwa bahati peke yake. Gari la zamani lililokaguliwa sawasawa halina sababu ya kuogopa safari.

Tangu mwaka 2003 yapo pia mashindano ya magari ya kale yaitwayo East African Safari Classic Rally, ambayo yamepita katika njia za Kenya na, kwa miaka kadhaa, za Tanzania. Magari yale yanashika vumbi na mashimo kwa siku nyingi mfululizo, na jioni mafundi hupewa muda wa kuyafungua na kuyatazama.

Katika desturi za mashindano kuna mbili ambazo chama cha msingi kinaweza kuziiga bila gharama. Ya kwanza ni kwamba gari likifika hufungiwa katika uwanja ambamo hata mwenyewe haruhusiwi kuligusa mpaka wakaguzi wamalize kazi. Ya pili ni kwamba sehemu kubwa za gari hutiwa alama kabla ya kuondoka, ili ithibitike kuwa sehemu iliyorudi ndiyo iliyokwenda.

Desturi hii ya pili ndiyo inayosahauliwa vyamani. Koili mpya na koili kuukuu iliyopakwa rangi hufanana machoni pa mtu asiye fundi, na betri mpya yaweza kubadilishwa kwa ya jirani katika muda wa dakika kumi. Yatosha katibu, mbele ya mjumbe mmoja wa bodi, kutia tone la rangi juu ya betri, koili, kofia ya distributa, dainamo au alternata, na kila plagi, kisha kuandika alama hizo katika daftari la gari pamoja na namba zozote zilizochapwa juu ya sehemu hizo. Rangi ya kucha ya akina mama hufaa kuliko rangi ya ukutani, kwa kuwa haibanduki upesi kwa joto.

NAMNA YA KULIJARIBU

Ichukuliwe mfano wa chama chenye Land Rover ya petroli ya silinda nne. Gereji imefunga platini, kondensa, plagi nne na koili, na imeleta hati ya madai. Kabla ya malipo ya mwisho gari lipakiwe mzigo wake wa kawaida, liende kutoka Rulenge hadi Nyakahura, lishike barabara kuu kupitia Lusahunga mpaka Biharamulo, na kurudi siku hiyo hiyo. Njia ya Rulenge na Nyakahura, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ya udongo na changarawe, yatosha kufungua skrubu yoyote iliyokazwa kwa uvivu. Yafaa sehemu ya mwisho ya safari iwe usiku, taa zikiwa zimewashwa, kwa maana dainamo iliyochoka hujificha mchana na kujitokeza jua likizama.

Ili mkaguzi ajue anachokitafuta, hana budi kufahamu cheche inavyopatikana. Mpango wenyewe ni wa kale. Charles Kettering wa Marekani aliutengeneza kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, nao ulitumika karibu katika magari yote ya petroli mpaka vifaa vya elektroniki vilipoanza kuenea miaka ya 1970. Betri hutoa volti 12. Umeme huo hupita katika koili, ndani ya waya mnene uliozungushwa mara mia kadhaa, na kuufanya moyo wa chuma wa koili kuwa sumaku. Platini zikifunguka ghafla, umeme hukatika, sumaku huanguka, na katika waya wa pili, ulio mwembamba kama unywele na uliozungushwa mara maelfu, hutokea umeme wa volti elfu kumi, ishirini, hata zaidi. Huo ndio unaopita katika rota na kofia ya distributa kwenda kwenye plagi inayongojea. Kondensa ipo kwa ajili ya kuumeza umeme ambao ungalitaka kuruka baina ya platini wakati zinapofunguka. Bila hiyo platini huungua na cheche ya plagi hudhoofika.

Sasa ifanywe hesabu. Injini ya silinda nne huhitaji cheche mbili kwa kila mzunguko. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, platini hufunguka mara 6,000 katika dakika hiyo, na mara 360,000 katika saa. Katika mwendo wa saa sita idadi hupita milioni mbili. Hakuna kifaa kingine katika gari kinachofanya kazi ya namna hiyo kikiwa kidogo kama ukucha, tena cha bei ndogo. Ndiyo maana gari lililozungushwa mtaa mmoja halijajaribiwa.

KUZISOMA PLAGI

Kazi huanza gari linapofika, injini ikiwa bado ya moto. Dereva aagizwe mapema kwamba akiwa amebakiza mwendo mfupi kufika asiliache gari lingurume polepole muda mrefu. Alisimamishe na kuizima injini mara moja. Injini ikiachwa kuzunguka polepole kwa robo saa uani, plagi hupata masizi mapya, na mkaguzi atasoma habari za uani badala ya habari za barabarani.

Plagi zifunguliwe kwa uangalifu, vumbi lililozizunguka likipulizwa kwanza lisije likaanguka ndani ya silinda. Zipangwe juu ya ubao kwa mfuatano wa silinda, ya kwanza hadi ya nne, wala zisichanganywe. Plagi nzuri huwa na rangi ya kahawia au kijivu kwenye kigae cheupe cha ndani. Nyeusi yenye masizi makavu huonyesha petroli nyingi kuliko hewa, au cheche dhaifu. Nyeusi yenye majimaji ya oili huonyesha kwamba oili inapanda katika silinda. Nyeupe iliyobabuka, yenye vilenge vidogo, huonyesha joto kupita kiasi: hewa nyingi kuliko petroli, au cheche isiyotokea kwa wakati wake, au plagi ya aina isiyofaa kwa injini hiyo.

Kuna jambo la mahali hapa linalofaa kukumbukwa. Vilima vya Ngara vimeinuka sana, na hewa ya juu ni nyepesi, hivyo kabureta iliyorekebishwa katika nchi ya chini hutoa mchanganyiko wenye petroli nyingi kidogo huku juu. Plagi zote nne zikiwa na weusi mwepesi unaolingana, mkaguzi asiharakishe kuilaumu gereji. Lawama ije pale plagi moja inapotofautiana na wenzake. Plagi tatu za kahawia na moja nyeusi yenye oili huonyesha kwamba kosa halimo katika umeme, ila katika ringi au vali za silinda ile. Chama kinachonunua plagi mpya kila mwezi kwa ajili ya silinda ya namna hiyo kinatupa fedha za wanachama.

Nafasi ya ncha za plagi ipimwe kwa vibati vya kupimia. Kwa injini nyingi za aina hii huwa karibu na milimita 0.75 hadi 0.80, lakini kitabu cha gari lenyewe ndicho kinachofuatwa.

KOFIA, ROTA NA PLATINI

Kofia ya distributa ifunguliwe na kutazamwa ndani kabla ya kufutwa. Msisitizo huu si wa bure. Ndani ya kofia huweza kuonekana mstari mweusi, mwembamba kama ufa wa sahani, ukitoka kwenye nguzo moja ya shaba kwenda kwenye nyingine. Hiyo ni njia ambayo umeme umejichomea wenyewe, kwa kawaida baada ya unyevu na vumbi kushikana. Fundi mwenye haraka hufuta kofia kwa petroli, mstari ukafifia, gari likawaka, na ugonjwa ukarudi mvua ya kwanza ikinyesha. Kofia yenye mstari huo haina dawa ila kubadilishwa. Itazamwe pia kaa ndogo iliyo katikati ya kofia, kama ingali inasukumwa na springi yake, na ncha ya rota, kama imeungua au kama rota ina ufa. Vumbi jekundu ndani ya kofia lenyewe ni ushahidi kwamba kofia haikukaa sawasawa au klipu yake imelegea.

Halafu zifuate platini, na hapa mkaguzi asiwe na haraka. Nyuso zake zitazamwe kwa kioo cha kukuzia, ikiwezekana. Uso wa kijivu usio na makovu ni mzuri. Uso wenye shimo upande mmoja na kichuguu upande wa pili waonyesha kwamba chuma kinahama kutoka platini moja kwenda nyingine, na aghalabu kondensa iliyofungwa haina kipimo kinachofaa, au waya wake haukushikwa vizuri. Shimo dogo baada ya miezi mingi ni jambo la kawaida. Baada ya safari ya siku moja si la kawaida hata kidogo. Uso wa buluu waonyesha kuungua: umeme mwingi mno unapita, au kondensa imekufa. Uso mweusi wenye utando ni wa oili au grisi iliyoruka kutoka kwenye kemu, mara nyingi kwa mkono wa fundi aliyepaka grisi kama anayepaka siagi kwenye mkate.

Kisha ipimwe nafasi ya platini zikiwa zimefunguka kabisa. Kama kabla ya safari iliandikwa milimita 0.40 na baada ya safari imesomwa 0.30, basi kisigino cha platini, kile kinachosuguana na kemu, kimelika upesi mno. Huenda kemu ilikuwa kavu, au platini ni za bandia. Nafasi ikipungua, platini huchelewa kufunguka, cheche huchelewa, injini hupata moto na kukosa nguvu milimani, na dereva hulalamika kwamba gari limechoka. Watu hufungua kabureta na rejeta kwa ajili ya ugonjwa uliomo katika kipande cha plastiki kisichofika nusu inchi.

Nafasi hiyo ipimwe katika kila pembe ya kemu, zote nne. Vipimo vikitofautiana, shafti ya distributa inacheza katika bushi zake, au imepinda. Mkaguzi aishike shafti kwa vidole na kuisukuma huku na huku. Ikitikisika kwa kuonekana, platini mpya hazitafaa kitu, kwa sababu kila silinda itapata cheche kwa wakati wake tofauti. Hili ndilo kosa linalokula fedha nyingi kimya kimya. Platini ni za bei ndogo, hununuliwa tena na tena kwa vocha ndogo ndogo zisizoshtua mtu, ilhali bushi moja ingalimaliza tatizo.

Chini ya bamba la platini mna vyuma viwili vya uzito vyenye springi, ambavyo huiwahisha cheche injini inapokwenda kasi. Rota ikizungushwa kidogo kwa mkono na kuachiwa yapaswa kurudi yenyewe. Ikikwama, vumbi na kutu vimekwisha kuingia.

KOILI INAYOCHAGUA WAKATI WA KUFA

Koili mbovu ni hodari wa kudanganya. Asubuhi hufanya kazi, baada ya saa moja ya joto hukata cheche, na gari likipumzika nusu saa huwaka tena kana kwamba halikuwa na neno. Kwa hiyo koili ipimwe ikiwa ya moto, mara gari linapofika. Koili nyingi za volti 12 zisizo na kizuizi cha nje husoma omu 3 hadi 4 hivi katika waya mnene. Zile zilizokusudiwa kufungwa pamoja na kizuizi husoma omu 1.5 hivi. Koili ya namna hii ya pili ikifungwa bila kizuizi chake, umeme hupita mwingi mno, koili huwa ya moto isiyoshikika, na platini huungua. Platini za buluu na koili inayochoma mkono vikikutana katika gari moja, jibu limekwisha kupatikana.

Gari likizimika njiani, dereva atazame cheche pale pale, kabla halijapoa. Wengine hutia kitambaa cha maji juu ya koili, na gari likiwaka husema koili ndiyo mbovu. Dalili hiyo ni nzuri lakini haitoshi, maana petroli nayo huweza kugeuka mvuke katika bomba kwa joto, na kupumzika huliponya kosa hilo pia. Cheche ikiwapo wakati injini inakataa, koili haina hatia.

Isisahauliwe kwamba kuacha ufunguo umewashwa huku injini imezimwa, kwa mfano ili kusikiliza redio mnadani, huiunguza koili ikiwa platini zimefungana. Magari mengi ya mashindano hubeba koili ya pili iliyofungwa tayari kando ya ile ya kwanza, ili dereva ahamishe nyaya tu. Chama kinachosafirisha mazao ya watu chaweza kufikiri juu ya desturi hiyo.

Nyaya nene za plagi zikaguliwe usiku, bonneti ikiwa wazi na injini inanguruma. Penye ufa, cheche za buluu huonekana zikirukia kwenye chuma. Kipimo hiki hakihitaji mita, ila giza tu. Nyaya zirudishwe kwa mpango wa injini. Kwa Land Rover ya silinda nne cheche hufuata mpango wa 1, 3, 4, 2.

CHAJI, BETRI NA NYAYA ZA ETHI

Injini ikiwa imezimwa na betri imepumzika, betri nzima husoma volti 12.6 hivi. Injini ikienda mwendo wa kati, mita isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikizidi 15, kidhibiti cha chaji ni kibovu na betri itachemka. Maji ya betri yaliyopungua sana katika safari moja ni ushahidi wa jambo hilo. Taa zikiwashwa na mita ikashuka chini ya 13 injini ikiwa katika mwendo, chaji haitoshi. Lakini gari lenye dainamo halichaji injini inapozunguka polepole. Ndivyo dainamo ilivyo, na si haki kulikataa gari kwa sababu hiyo. Alternata ndiyo inayochaji hata kwa mwendo mdogo.

Tindikali ipimwe katika kila chumba cha betri. Betri iliyojaa husoma karibu 1.26 hadi 1.28. Chumba kimoja kikipungukiwa na wenzake kwa 0.05 au zaidi, chumba hicho kimekufa na betri itafuata. Mkanda wa feni ukibonyezwa kwa kidole gumba uingie kiasi cha nusu inchi. Ukilegea, chaji hupotea milimani pasipo kosa la dainamo.

Kosa la mwisho ndilo linalosumbua zaidi magari ya barabara mbovu, nalo halina kipuri cha kununua. Umeme ukitoka betri hurudi kwa njia ya chuma cha gari chenyewe, kupitia waya mpana unaounganisha injini na chesisi. Mtikisiko huukata waya huo uzi mmoja mmoja. Katika Land Rover mna jambo la ziada: mabati yake ni ya alumini na chesisi yake ni ya chuma, na panapokutana metali hizo mbili hutokea ukoga unaozuia umeme, hata taa zikawa nyekundu kama makaa. Mita iunganishwe, waya mmoja kwenye injini na wa pili kwenye ncha ya betri iliyofungwa chesisi, kisha stata izungushwe. Ikisoma zaidi ya nusu volti, ethi ni mbaya na isafishwe mpaka chuma king'ae. Tahadhari moja: magari mengi ya Kiingereza yaliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1960 yalifungwa ncha ya chanya kwenye chesisi. Anayefunga alternata ya kisasa katika gari la namna hiyo bila kugeuza nyaya huiunguza palepale.

Fyuzi iliyozungushiwa karatasi ya sigara isipokewe kwa maelezo yoyote. Nyumba za wanachama zimeungua kwa makosa madogo kuliko hilo, sembuse gari lenye tangi la petroli.

DAFTARI NA MALIPO

Yote yaliyoonekana yaandikwe siku ile ile, mbele ya fundi, dereva na mjumbe wa bodi, na kila mmoja atie sahihi. Maneno kama “plagi mbovu” au “umeme haufai” hayamsaidii mtu. Iandikwe: “Plagi ya silinda ya tatu nyeusi, ina oili, nyingine tatu kahawia. Nafasi ya platini kabla 0.40, baada 0.30. Alama ya rangi juu ya koili ipo. Alama juu ya betri haipo.” Maandishi ya namna hiyo humlinda fundi mwaminifu kama yanavyoilinda chama, kwa maana fundi aliyefunga platini nzuri juu ya shafti iliyokwisha kulika hawezi kulaumiwa kwa shafti asiyoagizwa kuitengeneza. Aliyedai koili mpya na kufunga ya zamani naye hataweza kujificha nyuma ya vumbi la Rulenge.

Kuna vyama vitakavyouliza kama isingekuwa bora kuondoa platini kabisa na kufunga kifaa cha elektroniki. Vifaa hivyo vipo kwa magari mengi ya zamani, navyo havina kisigino cha kulika. Ila vikifa, hufa kabisa, na tupa ya dereva haiwezi kuvifufua porini. Chama kitakachoamua kuvifunga kihifadhi bamba la zamani lenye platini na kondensa, likiwa limefungwa katika karatasi ya nailoni chini ya kiti.

Iwapo ukaguzi umeonyesha kwamba shafti, kofia, dainamo na nyaya zote zimechoka kwa pamoja, bodi ipige hesabu ya matengenezo na kuilinganisha na kazi ambayo gari litafanya katika msimu wa kahawa. Kama shauri ni kuliuza, liamuliwe kwa kufuata Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 na masharti ya chama, na kurasa za ukaguzi zisomwe kwa wanachama kabla bei haijatajwa. Gari lililoitwa bovu kwa sababu ya koili ya moto limekwisha kuuzwa mara nyingi kwa bei ya chuma chakavu.

Kama shauri ni kulitengeneza, sehemu zilizoondolewa zitiwe katika sanduku, zifungwe lebo yenye tarehe, zikae stoo mpaka hesabu za mwaka zikaguliwe. Gari lipelekwe tena njia ile ile, na mzigo ule ule, na vipimo vya safari ya pili viandikwe katika ukurasa unaoelekeana na ule wa kwanza.